Kuvuna miti kama malisho: mashine ya sailoji, miti ya pamba na boila za Mwanza

Kila mwaka pamba ikishapelekwa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, na watu wakishalipwa, kinachofuata ni moshi. Kuanzia Magu mpaka Kwimba mpaka huku kwetu Misungwi, miti ya pamba inang'olewa, inarundikwa pembeni ya shamba, inapigwa kiberiti. Na sio kwamba wakulima wanapenda, ni sheria ya kilimo cha pamba, masalia lazima yaondoke kabla ya msimu mpya maana ukiyaacha yale maotea funza anajificha humo humo anakusubiri. Sawa kabisa, sheria ina maana yake. Ila ukishuka kilomita chache tu kutoka kwenye hayo majivu unakuta lori limebeba magogo linaingia Mwanza kupeleka kuni kwenye boila ya kiwanda, lile tangi la kuchemshia maji yawe mvuke, magogo ya miti iliyochukua miaka kibao kukua. Yaani tunachoma kuni shambani bure, halafu tunakata msitu kwenda kuchoma kiwandani kwa hela. Hili jambo linaniuma na nimeamua kuliandika lote leo, kwa hiyo vumilieni urefu.

Mi kazi yangu ni mashine za malisho. Natengeneza na kuzungusha chopa za sailoji, yaani malisho ya kuvundikwa, kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa kuanzia Usagara mpaka Misungwi mjini, ile mashine unayoijua, unaingiza mabua ya mahindi yakiwa mabichi inayakatakata inayatema upande wa pili tayari kwa kushindilia kwenye shimo. Sasa swali lililonikalia kichwani muda mrefu ni hili: kama inakata bua la mahindi lenye unene wa dole gumba, inashindwa nini kukata kijiti cha mti chenye unene huohuo? Jibu fupi ni kwamba haishindwi, ila kuna mambo ya kubadilisha. Na kuna watu walishalifanya hili kwa ukubwa ambao sisi huku hatujauona, kwa hiyo ngoja nianze na wao.

Sweden baada ya bei ya mafuta kupanda vibaya miaka ya 1970 waliamua kutafuta nishati ya kwao wenyewe, wakaanza utafiti wa kupanda miti ya wilo kama zao la shambani. Wilo ni mti wa jamii inayopenda maji, ukiukata unachipua tena kwenye kisiki, na ukuaji wake ni wa haraka sana kwa nchi ya baridi kama ile. Wanapanda vipande vya matawi, sio mbegu, karibu miche 15,000 kwa hekta au pungufu kidogo, wanaiacha miaka mitatu au minne, wanaivuna yote, inachipua, wanavuna tena, na shamba moja linaweza kwenda miaka 20 na zaidi bila kupandwa upya. Sasa walipofika kwenye kuvuna ndo wakajiuliza, tuunde mashine mpya kabisa au tutumie zilizopo? Walijaribu zote mbili. Kuna mashine zilikuwa zinakata fimbo nzima na kuzifunga mafungu. Ila iliyoenea zaidi ni ile rahisi kuifikiria: walichukua mashine ya kuvunia malisho inayojiendesha yenyewe, kama Jaguar ya kampuni ya Claas ambayo ipo sokoni tangu 1973, wakaitoa ile hedi ya mbele ya mahindi, yaani kile kichwa cha kukatia, wakaweka hedi ya miti. Basi. Mwili wa mashine ni uleule, injini ileile, ngoma ya visu ileile. Baadae New Holland nao wakatengeneza hedi yao ya miti kwa ajili ya mashine zao za malisho, Krone nao hivohivo.

Hiyo hedi inafanyaje kazi? Chini kuna misumeno miwili ya duara imelala, inazunguka karibu na ardhi, inakata shina sentimita kadhaa juu ya udongo. Juu yake kuna bomba la chuma linaloisukuma miti iinamie mbele wakati inakatwa, na hiyo ndo akili yote ya ile hedi, kwa sababu mti ukiinamia mbele kitako chake ndo kinaingia kwanza kwenye rola zinazovuta mzigo ndani, na matawi yanafuata nyuma yakiwa yamejikunja kuelekea upande mmoja. Ukiingiza mti kwa ncha, matawi yanajitanua yanakwama mlangoni. Ukiingiza kwa kitako yanajifunga yenyewe. Hili nimelithibitisha kwa mikono yangu kwenye chopa ndogo kabisa ya kulishwa kwa mkono, tofauti ni kubwa mno, kwa hiyo kama utasahau kila kitu kwenye hii posti usisahau kitako kwanza.

Kilichonifurahisha zaidi kuliko mashine yenyewe ni shamba. Wale jamaa waliipanda miti kwa kufuata mashine. Mistari miwili miwili, sentimita 75 kati ya mstari na mstari, halafu mita moja na nusu kabla ya mistari miwili mingine. Kwa nini? Kwa sababu hedi inameza mistari miwili kwa mpigo, na tairi zinapita kwenye ile mita moja na nusu bila kukanyaga visiki. Na wanavuna mti kabla haujanenepa kuliko msumeno unavoweza, hedi za mwanzo zilikuwa zinapambana na shina la sentimita sita saba hivi, ukichelewa mwaka mmoja shina linazidi na mashine inaumia. Kwa hiyo zao, nafasi, umri na mashine vyote vimeamuliwa pamoja siku moja, kabla hata shimo la kwanza halijachimbwa.

Hapa ndo nataka tukae kidogo, maana naona watu wengi huku wanaanza kwa kununua mashine. Mtu anaona video mtandaoni, mashine kubwa nyekundu inameza mti mzima, anauliza bei, anavunjika moyo, mjadala umeisha. Mimi nasema tusianze na mashine. Ile ya Ulaya ina nguvu ya farasi 400 na kuendelea na bei yake unajenga shule. Hakuna mtu wa Misungwi anayeihitaji. Tunachohitaji ni ile kanuni yao: mti ukiwa mwembamba, umri mmoja, umenyooka, umepangwa kwa mstari, basi mashine ya malisho inatosha. Sisi chopa ndogo tunazo tayari. Zipo hadi vijijini.

Sasa tuingie kwenye kubadilisha, na hapa nitakaa maana ndo kazi yangu.

Cha kwanza ni urefu wa kipande. Sailoji unataka kipande kifupi, sentimita moja au pungufu au zaidi kidogo, ili kishindiliwe vizuri na ng'ombe atafune. Chipu ya boila, yaani kipande cha mti cha kuchoma, unataka kubwa zaidi, sentimita mbili mpaka nne, kwa sababu ikiwa ndogo sana inakuwa kama pumba, inaziba hewa kwenye chanja ya boila, ule wavu wa chuma unaobeba moto, na moto unakosa pumzi. Urefu unategemea vitu vitatu tu: kasi ya kulisha, mizunguko ya ngoma na idadi ya visu. Chukua mfano ngoma inazunguka mara 1,000 kwa dakika na ina visu 12, hapo unapata mikato 12,000 kwa dakika, na kama rola zinaingiza mita 120 kwa dakika kila kipande kitatoka milimita 10. Ukitoa visu ukabakiza vinne, kwa kasi ileile, vipande vinakuwa milimita 30. Ndo maana kwenye mashine kubwa wakienda kuvuna miti wanapunguza visu, mara nyingi nusu au zaidi. Kwenye chopa zetu zenye visu vinne kwenye flaiwili, lile gurudumu zito linalobeba visu, unabakiza viwili vinavyotazamana. Vinavyotazamana jamani, sio viwili vya upande mmoja, flaiwili ikikosa balansi inatetemeka mpaka beringi zinakufa na siku moja itakurukia.

Na kwenye zile kubwa kuna rola za kuponda punje za mahindi, zinakaa nyuma ya ngoma. Hizo zinatolewa kabisa, zinawekewa bomba la kupitishia tu. Mti hauna punje ya kuponda.

Cha pili ni kisu chenyewe. Kisu cha sailoji ni chembamba na kimechongwa kwa ncha kali sana kwa sababu bua la mahindi ni maji matupu. Ukikipeleka kwenye mti mkavu kinamomonyoka meno. Kisu cha mti kinataka chuma kinene na ncha nene zaidi, nyuzi 30 mpaka 35 hivi. Mafundi wa Nyakato wengi wanachonga kutoka kwenye springi za lori na chuma kile ni kizuri, ila angalia jinsi anavyokinoa. Akikinoa kwa grenda mpaka kikawa na rangi ya bluu, ujue ugumu umeondoka hapohapo, kisu kitakuwa kinalainika na kujikunja. Noa taratibu, chovya maji, noa tena. Mwambie fundi kwa upole, "Kaka, usikimbize, nakusubiri", bora usubiri.

Halafu kuna kisu cha chini, kile kipande cha chuma kilichofungwa palepale mlangoni ambapo kisu kinachozunguka kinapita karibu yake. Watu hawakiangalii kabisa kile. Nafasi kati ya hivyo viwili ikizidi milimita moja mti haukatwi, unachanwa, unatoka kama nyuzi ndefu, na nyuzi ndefu ndo adui mkubwa wa boila ya kulishwa kwa skrubu, ile parafujo ndefu inayosukuma chipu ndani, maana zinajisokota kwenye skrubu mpaka inasimama. Mteja akishapata mzigo mmoja wa hivyo harudi tena.

Na hapa ndo miti ya pamba inaleta shida yake ya kipekee, ambayo wilo ya Sweden haina. Ganda la mti wa pamba lina nyuzi ngumu. Ukikata ukiwa mbichi ganda linavuka kwenye kisu bila kukatika, linajizungusha kwenye shafti ya rola, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka rola inageuka kuwa mpira wa kamba na beliti inaanza kuteleza na kunuka. Dawa ni mbili. Acha miti ikauke juani kwanza mpaka ganda lianze kukatika kwa mkono, na weka kipande cha chuma cha kukwangua karibu kabisa na rola ili nyuzi zisipate pa kujishika. Tangu tuweke hicho kikwanguzi kazi inaenda.

Shida nyingine ya miti ya pamba ni kwamba inang'olewa na mizizi, na mizizi inakuja na udongo. Udongo wa luseni, ule wa kichanga, unanoa kisu kwa upande usiotaka, masaa machache tu kisu kimeisha. Udongo wa mbuga, ule mweusi wa mfinyanzi, ndo mbaya zaidi, unaganda kwenye mzizi kama saruji. Ushauri wangu ni kukata mzizi kwa panga kabla ya kuingiza mashine, au angalau kupigapiga fungu chini mpaka udongo utoke. Najua ni kazi ya ziada ila udongo ukiingia kwenye boila unayeyuka na majivu, unaganda kwenye chanja vipande vigumu kama kioo, na mwenye boila atakulaani. Mzizi wenyewe uchomwe shambani kama kawaida, sheria ibaki pale pale, tunachoondoa ni shina. Na hata hilo shina lisikae nyumbani kwako miezi na miezi, lengo la kuondoa masalia ni funza asiwe na pa kujificha, kwa hiyo likatwe na lichomwe boila kabla ya msimu. Ongea na afisa ugani wako kabla hujaanza, usije ukaonekana umehifadhi wadudu.

Mashine kubwa zina kifaa cha kugundua chuma kwenye rola za mbele, kikiona waya au msumari rola zinasimama papo hapo kabla chuma hakijafika kwenye ngoma. Chopa zetu hazina. Kwa hiyo macho yako ndo hicho kifaa. Huku kandokando ya ziwa vipande vya waya, ndoano na nyavu vipo kila mahali, hata kwenye fungu la kuni.

Kuhusu usalama sitaki kupita haraka. Mti sio bua la mahindi. Bua likishikwa na rola linaingia taratibu, tawi lenye vitawi vya pembeni likishikwa linajipiga kama mjeledi na linaweza kushika shati likakuvuta. Usivae mikono mipana, usivae khanga, usivae glavu zenye kamba. Usimame pembeni ya mlango, sio mbele yake. Chopa isiyokuwa na ule mkono wa kurudisha rola nyuma isitumike kwa miti kabisa, nimeshawakatalia wateja kwa hilo na nitaendelea kukataa, hata kama hela ipo mezani. Watoto wakae mbali. Na vumbi la miti mikavu ya pamba funika pua na mdomo, linachoma kifua.

Sasa unyevu. Hili watu wanalidharau na ndo linaloamua kama kazi nzima ina maana. Mti uliokatwa leo karibu nusu ya uzito wake ni maji. Kilo moja ya kuni ya hivyo ikiungua inakupa kama megajuli 8, kwa sababu nusu yake ni maji yasiyoungua, na sehemu ya moto inatumika kuyachemsha hayo maji. Kilo moja ya kuni iliyokaushwa mpaka unyevu asilimia 20 inakupa kama 14. Yaani karibu mara mbili kwa uzito uleule, kwa jua tu. Wenzetu wa Ulaya wanavuna wakati wa baridi, majani yakiwa yameshadondoka na ardhi imeganda ili mashine isizame, na wanakatakata mti ukiwa mbichi hivyohivyo. Halafu wanahangaika na lundo, maana chipu mbichi zikirundikwa zinajipasha moto zenyewe, ndani ya siku chache katikati ya lundo panaweza kufika nyuzi 60, vimelea wanakula mti, uzito unapungua, ukungu unaota na vumbi la ule ukungu ni hatari kwa mapafu ya anayelichota.

Sisi hatuna haja ya kupita njia hiyo. Kuanzia Juni mpaka Septemba huku jua linawaka na upepo wa ziwa unavuma, ukikata mti mzima ukausimamisha wiki kadhaa unakauka wenyewe, majani yanadondoka palepale shambani yanabaki kuwa mbolea, au mbuzi wanayamaliza. Ndo unaleta chopa. Ila usisubiri ukauke kabisa maana mti mkavu kupita kiasi ni mgumu, unamaliza visu na unatoa vumbi jingi. Mimi napenda ukiwa kama asilimia 25 mpaka 30. Utajuaje bila kipimo? Chukua kilo moja ya chipu, ipime kwenye mizani ya dukani, ikaushe kwenye jiko la kuoka mpaka uzito ukome kushuka, ipime tena. Ikibaki gramu 700, unyevu ulikuwa asilimia 30. Bei ya mzigo wangu naisema kwa unyevu, na mnunuzi anayejua kazi yake anakubali mara moja, maana hataki kununua maji.

Usafiri nao. Miti ya pamba ikipakiwa kwenye lori ikiwa mizima unabeba hewa, lori limejaa mpaka juu na uzito hamna. Chipu kavu zinakwenda kama kilo 200 au zaidi kidogo kwa mita moja ya ujazo, inalipa dizeli. Bado ni nyepesi ukilinganisha na magogo, kwa hiyo usiote kuzipeleka Dar es Salaam. Hii ni biashara ya karibu, shamba na boila viwe vinaonana. Na daraja la Kigongo–Busisi lilivyofunguliwa 2025 hata upande wa Sengerema na Buchosa umekuwa karibu, hakuna kukaa foleni ya kivuko na mzigo. Kule kuna shamba la miti la serikali la Buhindi, na palipo na shamba la miti na kupasua mbao hapakosi mabanzi na matawi ya kupunguzia. Chopa haikati banzi, hiyo inataka mashine ya mti kweli, lakini matawi inakata.

Nani ananunua? Viwanda vya kukamua mafuta ya mbegu za pamba vinatumia mvuke. Viwanda vingine vya Mwanza vina boila pia. Hapa nataka kuwa mkweli kabisa kwa sababu naona watu wanachanganya mambo: chipu sio nishati safi ya kupikia nyumbani. Serikali imezindua mkakati wa taifa 2024 kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi, na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zimeambiwa ziache kuni na mkaa. Naunga mkono. Mama asipulize moto wa chipu jikoni, atapata moshi uleule. Chipu ni za boila yenye feni na chanja, moto unaoungua kwa joto kali na hewa ya kutosha, mahali ambapo leo panaungua magogo. Tukiondoa magogo hapo tumefanya jambo kubwa. Mtu akikuuzia chipu kwa ajili ya jiko la mafiga, mkatalie.

Njombe kule, kampuni ya TANWAT imezalisha umeme miaka mingi kwa kuchoma mabaki ya miti ya miwati, na hapa jirani Kagera Sugar wanachoma mabaki ya miwa wanapata mvuke na umeme wao. Sio jambo geni Tanzania. Geni ni kulifanya kwa mkulima mdogo.

Kuna mzee mmoja wa Magu nilimuonesha picha ya shamba la wilo na ile mashine, akaitazama muda mrefu akaniuliza, "Ng'wanawane, sasa hiyo mashine ikija huku itajuaje kuacha ngitili?" Nikamwambia, "Mzee, haitajua. Ni sisi wa kujua." Ngitili ni eneo la malisho na miti linalofungwa ili lijirudishe lenyewe, na hilo swali lake ndo zito kuliko yote. Wasukuma wenzangu mnakumbuka au mmesimuliwa, miti ilifyekwa kwa ajili ya mbung'o, ikafyekwa tena kwa ajili ya pamba, mpaka Shinyanga ikawa jangwa mbele ya macho ya watu. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ukaanza 1986 na kazi kubwa iliyofanyika haikuwa kupanda miti mipya, ilikuwa kurudisha ngitili, wazee wakalindisha maeneo, visiki vilivyokuwa ardhini vikachipua vyenyewe. Sasa uje na mashine inayokula kila kijiti inachokutana nacho uweke na mnunuzi mwenye hela upande wa pili? Ngitili zitaisha ndani ya misimu michache. Kwa hiyo msimamo wangu: chopa iende kwenye miti ya pamba, na kwenye miti iliyopandwa kwa mstari kwa kazi hiyo, na pamba ndo ianze. Kwenye ngitili isikanyage. Na miti ya asili ina vibali vyake, usicheze nayo.

Miti gani ya kupanda? Mlusina na gliricidia zinachipua vizuri sana ukizikata na majani yake ni chakula cha mifugo. Mjohoro pia unachipua na ni kuni nzuri ya siku nyingi. Mlusina uuvune kabla haujamwaga mbegu, vinginevyo utaukuta kila mahali mpaka shamba la jirani na mtagombana. Mkaratusi watu wengi wanautaka kwa sababu unakua haraka, mimi siupandi karibu na kisima wala bonde la maji. Panda mistari miwili miwili kama wenzetu, ila pima kwanza trekta lako, weka njia inayotosha tairi na tela. Vuna shina likiwa limefikia unene wa kifundo cha mkono, sio zaidi.

Kitu kingine cha Sweden kimenikaa sana. Kuna mji unaitwa Enköping, upo karibu na ziwa la Mälaren, maji machafu ya mji yenye naitrojeni nyingi badala ya kuyamwaga yote ziwani walianza kuyamwagilia kwenye shamba la wilo la hekta kama 75 hivi, miti inakula ile naitrojeni, halafu mti unavunwa unakatwa chipu unachomwa kwenye mtambo unaopasha joto nyumba za mji huohuo na kutoa umeme. Majivu yanarudi shambani. Sisi tuna ziwa kubwa kuliko lao mara nyingi sana na tunajua vizuri naitrojeni na fosforasi zikizidi ziwani kinachotokea, magugu maji yanafunga mialo mpaka mtumbwi haupiti na wavuvi wanakaa bila kazi. Mwanza ina mabwawa ya majitaka. Ilemela ina ardhi ya pembeni isiyofaa kwa mboga kwa sababu ya maji hayohayo. Shamba la miti ya boila linafaa hapo kwa sababu mti wa kuchomwa hauliwi na mtu. Nimelisema hili kwa watu wa mamlaka nikasikilizwa kwa heshima tu, nitaendelea kulisema.

Na majivu ya boila tusiyatupe. Mti wa pamba ukiondoka shambani unaondoka na potasiamu, ukiurudishia mkulima majivu kwenye magunia wakati unakuja kuchukua mzigo mpya umemrudishia sehemu ya kilichotoka. Yasiwekwe mengi sehemu moja, yatawanywe. Naitrojeni haipo kwenye majivu, imepanda na moshi, kwa hiyo samadi bado inahitajika.

Mvua za Novemba zikianza natarajia kupanda kipande cha mlusina na gliricidia Misungwi, mistari miwili miwili, upande wa luseni maana kwenye mbuga trekta litazama mvua ikiwahi. Natafuta vitu viwili. Kama kuna mtu ana mashine ya zamani ya malisho ya kuvutwa na trekta, ile ya PTO, yaani inayozungushwa na shafti ya trekta, yenye ngoma ya visu, iwe imeharibika au imekaa kwenye ranchi imeota majani, anijuze, nataka rola zake na ngoma. Na kama unaendesha boila hapa Mwanza, niambie mlango wako wa kulishia una upana gani na skrubu yako inameza kipande cha urefu gani, maana hapo ndo nitajua nibakize visu vingapi.